Kuchagua kozi za muhula wa kwanza ukiwa mwanafunzi wa onazi Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi waliopata nafasi kwenye programu za onazi za vyuo vikuu vya Marekani na wanaanza Agosti, wawe wanatokea Dar, Mombasa, Bujumbura au Muscat, au wamemaliza haiskuli hukohuko Marekani. Tunaandika "onazi" kwa matamshi. Kwenye mfumo wa usajili utaikuta kama honors, au herufi H mwishoni mwa namba ya kozi. Kila chuo kina katalogi yake, yaani orodha rasmi ya kozi na masharti. Pale katalogi ya chuo chako inapotofautiana na maelezo haya, fuata katalogi.

Onazi ndiyo ile "Hons" ya vyuo vya kwetu?

Hapana, na wazazi wengi huchanganya hapa. Nairobi au Kampala, "honours" ni daraja unalopewa mwishoni: First Class, Upper Second na kuendelea. Marekani, onazi ni programu ndani ya chuo ambayo unapokelewa tangu mwanzo. Unasoma shahada ileile na wenzako, ila baadhi ya kozi unazichukua katika madarasa madogo, mara nyingi ya watu 15 hadi 25, na programu nyingi zinataka uandike tasnifu kabla ya kuhitimu. Mtindo huu una mizizi Oxford: Frank Aydelotte, aliyesoma huko, aliuanzisha Swarthmore mwaka 1922, na leo vyuo vikubwa vya umma vina vitengo kamili vya onazi, kama Barrett pale Arizona State na Schreyer pale Penn State.

Usiichanganye pia na cum laude, ambayo hutolewa kwa kuangalia wastani wa mwisho, wala na shahada ya heshima wanayopewa marais wastaafu.

Nichukue krediti ngapi?

14 hadi 16. Shahada nyingi za kwanza zina krediti 120 kwa mihula minane, kwa hiyo 15 kwa muhula ndiyo mwendo wa kumaliza kwa miaka minne. Kiwango cha chini cha kuhesabiwa mwanafunzi wa muda wote ni 12. Juu ya 18, vyuo vingi hudai kibali na vingine hutoza ada ya ziada.

Aliyezoea mfumo wa Tanzania ashike jambo moja: huko krediti 120 ni za mwaka mmoja, kwa sababu krediti moja ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) ni saa 10 za kazi yote kwa jumla. Krediti ya Marekani ni kubwa zaidi. Ni saa moja darasani kila wiki kwa muhula mzima, pamoja na saa mbili za kusoma nje ya darasa. Krediti 15 ni saa 45 kwa wiki, yaani kazi ya ajira kamili kabla hujafua nguo wala kupika.

Maabara huvuruga hesabu hii. Kozi ya kemia yenye krediti 4 inaweza kuwa na mihadhara saa tatu na maabara saa tatu, na maabara yenyewe imepewa krediti 1 tu. Ukiweka kozi mbili za maabara muhula wa kwanza, ratiba itaonyesha krediti 15 huku wiki yako ikionyesha zaidi. Hesabu saa za darasani kwenye ratiba, usiishie kwenye namba ya krediti.

Kozi ngapi kati ya hizo ziwe za onazi?

Mbili. Moja ni semina ya mwaka wa kwanza, ambayo programu nyingi huifanya ya lazima, na nyingine ni mkondo wa onazi wa kozi ambayo ungeichukua hata hivyo, iwe kemia, uchumi au uandishi. Kama semina yako ni nzito sana kwa usomaji, moja inatosha.

Wageni wengi hujaza ratiba kwa kozi za onazi nne ili waonekane wanastahili nafasi waliyopewa. Hakuna anayehesabu hivyo. Programu nyingi hudai krediti za onazi kati ya 18 na 30 kwa miaka yote minne, na baadhi ya krediti hizo hutimizwa na tasnifu yenyewe. Pia kozi ya onazi si ileile iliyoongezwa mitihani. Mara nyingi mitihani hupungua, na badala yake kuna kurasa nyingi za kusoma, insha, na alama za kuchangia darasani. Aliyelelewa kwenye darasa la kunyamaza na kunakili ubaoni ndipo anapopoteza alama: asilimia 15 au 20 ya kuchangia hoja si mapambo, na mwalimu anaandika kila kikao nani amesema nini.

Nianze kuchagua wapi?

Anza na mnyororo, usianze na kozi inayokuvutia. Mnyororo ni mfululizo wa kozi ambazo kila moja ni sharti la inayofuata. Uhandisi ni mfano mzuri: Kalkulasi I muhula wa kwanza, Kalkulasi II na Fizikia I muhula wa pili, kisha mwaka wa pili Kalkulasi III na kozi za kwanza za uhandisi wenyewe, kama statiki, ambazo zinadai Fizikia I. Ukikosa Kalkulasi I mwezi wa Agosti, Fizikia I inasogea, statiki inasogea, na kwa kuwa kozi nyingi za juu hufundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka, kuchelewa miezi minne kunageuka mwaka mzima.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungua katalogi, tafuta mpango wa mihula minane wa fani yako, uuchapishe. Chora mshale kutoka kila kozi hadi inayoitegemea. Kozi zenye mishale mingi ndizo zinaingia kwanza kwenye ratiba, hata kama zinabaki kwenye saa mbaya. Halafu weka semina ya onazi. Nafasi iliyobaki ijaze na kozi za elimu ya jumla, zile zinazodaiwa kwa kila mwanafunzi nje ya fani yake, na hapo tafuta moja inayotimiza masharti mawili kwa pamoja: kwa mfano, kozi ya historia inayohesabiwa kama sanaa na wakati huohuo kama utamaduni wa dunia. Vyuo vingi huruhusu hilo na wanafunzi wengi hawajui.

Ratiba ya mfano kwa anayeelekea biolojia au kemia:

Kemia I, mkondo wa onazi: 3
Maabara ya Kemia I: 1
Kalkulasi I: 4
Semina ya onazi: 3
Historia au sosholojia ya utangulizi: 3
Kozi ya utangulizi wa maisha ya chuo: 1

Jumla 15. Ina kozi mbili za hesabu na sayansi, mbili za kusoma na kuandika, na moja nyepesi. Mchanganyiko huo una sababu: wiki ambayo insha mbili zinadaiwa, hisabati inaendelea kwa kasi yake ya kawaida, na wiki ya mitihani ya sayansi mara chache hugongana na insha. Ukichukua kozi tano za insha, wiki ya saba zote zitataka kurasa kwa siku moja.

Mtihani wa kupangiwa kozi ya hisabati ni wa nini, na je, niufanyie mazoezi?

Ndiyo, fanya mazoezi. Vyuo vingi hutumia ALEKS, mtihani wa mtandaoni wa maswali yasiyozidi 30 unaobadilika kufuatana na majibu yako. Alama ni kati ya 0 na 100. Kuingia Kalkulasi I, vyuo vingi hutaka kitu kati ya 70 na 80. Ukipata 60 utawekwa kwenye hisabati ya maandalizi, na mnyororo wote tuliouzungumza hapo juu unarudi nyuma hatua moja.

Wanaofeli si lazima wawe dhaifu. Mhitimu wa kidato cha sita anayefanya mtihani wa taifa Mei na kuanza chuo Agosti ya mwaka unaofuata amekaa miezi kumi na tano bila kugusa logariti. Kuna pia lugha: kile ulichofundishwa kama gradienti wao wanakiita slope, na maswali ya maneno huja kwa futi, maili na galoni. Mfumo una moduli za kujifunzia, na kwa kawaida unaruhusiwa kurudia baada ya kuzifanyia kazi kwa saa kadhaa. Tenga wiki mbili, saa moja kwa siku, kwenye trigonometria na logariti.

Usisaidiwe na mtu. Kaka akikufanyia utapangiwa Kalkulasi I kwa akili yake na kuifeli kwa yako.

Nina A-level. Niruke kozi za mwaka wa kwanza?

Kwanza ujue kama krediti zipo. A-level za Cambridge, IB (International Baccalaureate) za kiwango cha juu na AP (kozi za kiwango cha chuo zinazosomwa haiskuli za Marekani) zina majedwali yaliyochapishwa kwenye tovuti za vyuo vingi: alama fulani, krediti fulani. ACSEE ya Tanzania na UACE ya Uganda, mitihani ya mwisho wa kidato cha sita, hutegemea chuo. Vingine vina jedwali, vingine huangalia faili moja moja, vingine havitoi kitu. KCSE ya Kenya huchukuliwa kama cheti cha kumaliza sekondari, kwa hiyo usiitegemee kwa krediti. Kama chuo kinaangalia faili moja moja, peleka silabasi ya somo pamoja na cheti, si cheti peke yake. Anayeamua ni mwalimu wa idara, naye anataka kuona mada.

Zikishakubaliwa, zitenge mafungu mawili. Krediti za elimu ya jumla, kama historia au jiografia, zipokee tu. Zinakufungulia nafasi ya kozi ya hiari na, kwa vyuo vinavyopanga foleni ya usajili kwa idadi ya krediti, zinakusogeza mbele.

Krediti zilizo ndani ya mnyororo ni habari nyingine. Advanced Mathematics ya Tanzania inagusa kutofautisha, kuintegreti, namba changamano na milinganyo tofautishi, kwa hiyo inafunika Kalkulasi I yote na kipande kikubwa cha Kalkulasi II. Lakini majaribio ya kujua kama mfululizo usio na mwisho unafikia kikomo, ambayo ni karibu theluthi ya Kalkulasi II, wengi wanayaona kwa mara ya kwanza Marekani. Njia ya kuamua ni rahisi. Tafuta mtihani wa mwisho wa Kalkulasi I wa chuo chako (idara nyingi huweka ya zamani kwenye tovuti), kaa saa mbili bila daftari, jisahihishe. Ukipata zaidi ya asilimia 80, ruka. Ukipata 60, chukua Kalkulasi I na ukubali kuwa mwezi wa kwanza utakuwa wa kurudia. Tahadhari tu usiache kuhudhuria, maana mwezi wa pili mambo hubadilika ghafla.

Kwenye kemia na biolojia tunashauri tahadhari zaidi. Nadharia unaijua, lakini maabara zao zinadai ripoti kwa mtindo ambao hujawahi kuandika.

Nichukue Kiswahili ili nipate A ya bure?

Hapana. Vyuo kama Wisconsin-Madison, Indiana na Ohio vinafundisha Kiswahili, lakini darasa la wanaoanza si la mtu aliyelelewa nalo. Mwalimu atakugundua ukisema "habari za asubuhi", na utaondolewa ukiwa umeshachelewa kupata kozi nyingine.

Kiswahili kinaweza kukusaidia kwa njia nyingine. Fani nyingi zina sharti la lugha ya kigeni, pengine mihula miwili hadi minne. Uliza idara ya lugha kama unaweza kulimaliza kwa mtihani wa umahiri. ACTFL ina mtihani wa mazungumzo wa Kiswahili unaokubaliwa na vyuo vingi. Vyuo vingine hufuta sharti bila kutoa krediti, vingine hutoa krediti pia, na vingine humsamehe mgeni yeyote aliyesoma sekondari kwa lugha isiyo Kiingereza. Wa Kongo na Burundi waulize hivyohivyo kuhusu Kifaransa, na wa Oman kuhusu Kiarabu. Ulizeni kabla ya Agosti, kwa sababu kozi ya lugha isiyohitajika hula krediti 4 au 5.

Viza ya mwanafunzi, F-1, inabana vipi uchaguzi wangu?

Kwa mambo matatu.

Lazima uwe na krediti 12 au zaidi kila muhula wa kawaida, kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho. Ukiwa na 13 na ukaacha kozi ya 3, umevunja masharti ya viza hata kama alama zako zote ni A. Hii ndiyo sababu hasa ya kuanza na 15: unakuwa na kozi moja ya krediti 3 ya kuacha bila kugusa mstari.

Kozi ya mtandaoni: ni moja tu, isiyozidi krediti 3, inayohesabiwa ndani ya zile 12. Angalia safu ya namna ya kufundishia kwenye ratiba. Vyuo vina majina mengi kwa kozi za nusu kwa nusu, na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ndiyo itakayokuambia ipi inahesabiwa kama ya darasani.

Kupunguza mzigo kunawezekana, lakini kwa kibali cha ofisa wa ofisi hiyo, anayeitwa DSO, na kibali kitangulie. Sababu za kimasomo zinazokubaliwa ni chache: ugumu wa Kiingereza mwanzoni, kutozoea ufundishaji wa Marekani, au kupangiwa kozi ya kiwango kisicho chako. Hata hapo hushuki chini ya krediti 6. Ugonjwa una utaratibu wake. Mwanafunzi anayeacha kozi kwanza na kuomba kibali wiki inayofuata amekosa kibali.

Walioingia kama wakimbizi au wana kadi ya kijani hawana masharti haya, ila msaada wa serikali wanaouombea kwa fomu ya FAFSA nao huhesabu 12 kuwa muda wote, na ruzuku ya Pell hupungua ukishuka chini yake. Ufadhili wa chuo unaweza kudai zaidi, mara nyingi krediti 30 kwa mwaka. Soma barua ya ufadhili wako, hasa sentensi zilizo chini kabisa.

Usajili unafungua saa ngapi kwa saa za nyumbani?

Wanafunzi wapya kwa kawaida husajili Juni au Julai, baada ya siku za utambulisho, ambazo kwa wa kimataifa huwa mtandaoni. Wa onazi mara nyingi hufunguliwa mapema kidogo, na faida hiyo hupotea kwa kukosea saa.

Majira ya joto ya Marekani, Afrika Mashariki iko mbele ya New York kwa saa 7, Chicago 8, Denver 9, Los Angeles 10. Arizona haibadilishi saa, kwa hiyo nayo ni 10. Muscat ongeza moja. Bujumbura, Kigali na Goma punguza moja. Mfumo ukiandika 9:00 AM kwa saa za New York, hiyo ni saa tatu asubuhi kwao, na Dar ni saa kumi jioni. Kila mwaka kuna anayesoma 9:00 kama saa tisa.

Siku tatu kabla, ingia kwenye mfumo uangalie kama akaunti yako ina zuio. Mazuio ya kawaida ni chanjo, nakala rasmi ya vyeti, malipo ya awali na kutokutana na mshauri. La chanjo ndilo linalokawia. Wanataka dozi mbili za surua, na kwa wanaotoka nchi zenye kifua kikuu kingi, kipimo cha TB. Kama ulichanjwa BCG utotoni, kipimo cha ngozi kinaweza kuonyesha chanya ya uongo. Omba kile cha damu, IGRA, ambacho hakiathiriwi na BCG.

Andaa pia namba za usajili za kozi zako kwenye daftari, pamoja na mikondo miwili ya akiba kwa kila kozi. Dirisha likifunguka unaandika namba, hutafuti.

Ratiba inasema "TR 9:30–10:45". TR ni nini?

Jumanne na Alhamisi. T ni Jumanne, R ni Alhamisi, kwa sababu herufi ya T imeshachukuliwa. MWF ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na vipindi vyake huwa vya dakika 50. Vya TR ni vya dakika 75.

Kozi kubwa huja vipandevipande: mhadhara wa watu 200, kikundi cha majadiliano cha watu 25, na maabara. Unasajili vyote, na mfumo hukataa ukisahau kimoja. Angalia pia majengo. Kipindi kimoja kikiisha 10:50 na kingine kianze 11:00, una dakika kumi, na kwenye chuo kikubwa mwezi wa Januari, theluji ikiwa imeganda, dakika kumi hazitoshi kuvuka kampasi. Kipindi cha saa mbili asubuhi kinaonekana chepesi kwa aliyezoea kuamka alfajiri kwenda shule. Bweni likishakuzoeza kulala saa saba usiku, si chepesi tena.

Kozi ninayoihitaji imejaa. Nifanyeje?

Jiandikishe kwenye orodha ya kusubiri, na wakati huohuo sajili mkondo wa akiba ili ubaki na krediti za kutosha. Watu huondoka sana wiki ya kwanza na wanaposhindwa kulipa ada, kwa hiyo aliye wa tatu au wa nne kwenye orodha ya darasa la 25 ana matumaini mazuri. Wa kumi na tano hana.

Mwandikie mwalimu barua pepe ya mistari minne: jina lako na namba ya uanafunzi, kozi na mkondo, kwa nini unaihitaji muhula huu (taja kozi inayoitegemea), na ombi la kibali. Anza na "Profesa" na jina lake la ukoo. Acha salamu ndefu za kuulizia familia. Kwetu ni adabu, kwao barua inawekwa pembeni isomwe baadaye. Kama ni mkondo wa onazi, mwandikie mshauri wa onazi, kwa sababu mara nyingi viti hivyo anavigawa yeye.

Mshauri wa onazi na wa idara wananiambia vitu tofauti. Nimsikilize nani?

Wa idara kwa mnyororo wa fani, wa onazi kwa masharti ya onazi. Wakigongana, waandikie wote wawili barua pepe moja, eleza tofauti kwa sentensi mbili, uliza. Majibu ya maandishi yahifadhi. Mwenye neno la mwisho ni ripoti ya ukaguzi wa shahada ndani ya mfumo: kozi isipoonekana imejaza sanduku huko, haijalijaza, hata kama mtu alikuahidi mdomoni.

Kozi moja mbaya inaweza kunitoa kwenye onazi?

Inaweza kukusogeza karibu na mlango wa kutokea. Kwanza, kipimo: GPA (wastani wa alama) ya vyuo vya Tanzania inafika 5.0, ya Marekani 4.0, ambapo A ni 4.0, A- ni 3.7, B+ ni 3.3, B ni 3.0 na C ni 2.0. Programu nyingi hudai ubaki juu ya 3.2 hadi 3.5.

Chukua ile ratiba ya mfano. Kalkulasi krediti 4 kwa C ni pointi 8. Kemia 3 kwa B+ ni 9.9. Maabara 1 kwa A ni 4. Semina 3 kwa A- ni 11.1. Historia 3 kwa A ni 12. Utangulizi 1 kwa A ni 4. Jumla 49, gawanya kwa 15: 3.27. Kalkulasi hiyohiyo ingekuwa B, wastani ungekuwa 3.53. Kozi ya krediti 4 ina uzito huo.

Kama mstari ni 3.5, muhula wa pili wa krediti 15 utahitaji wastani wa 3.73 ili kurudi. Inawezekana, lakini ni kazi. Habari njema ni kwamba programu nyingi hazimwondoi mtu baada ya muhula mmoja. Humpa onyo na muhula au mwaka wa kujirekebisha. Uliza kanuni hiyo mapema.

Naweza kuacha kozi katikati?

Kuna madirisha mawili. La kwanza hufungwa siku ya tano hadi ya kumi ya masomo: kozi inafutika kabisa na unaweza kuchukua nyingine. La pili hufika karibu wiki ya kumi: kozi inabaki kwenye transkripti na herufi W, haiingii kwenye wastani, na kwa kawaida ada hairudi. Baada ya hapo, alama utakayopata ndiyo hiyo.

W moja haimtishi mtu. Ila msaada wa fedha hupima pia sehemu ya krediti ulizokamilisha, mara nyingi asilimia 67, na wa F-1 wanarudi kwenye hesabu ya 12. Kuchukua kozi kwa kufaulu au kufeli tu, bila herufi, kunaonekana kama kimbilio, lakini programu nyingi za onazi na fani nyingi hazihesabu kozi iliyochukuliwa hivyo.

Nataka udaktari. Niwahi kozi zote za sayansi?

Hapana. Kemia na maabara yake, pamoja na hisabati au biolojia, zinatosha muhula wa kwanza. Alama zote za sayansi za chuo, hata zilizorudiwa, huingia kwenye wastani unaokokotolewa wakati wa maombi, kwa hiyo C ya muhula wa kwanza inakufuata miaka minne. Na aliye na viza ya mwanafunzi aambiwe waziwazi: vyuo vingi vya udaktari Marekani havipokei waombaji wa kigeni, na vinavyopokea ni vichache na ghali. Panga fani ambayo utafurahi nayo hata mlango huo usipofunguka.

Sijachagua fani kabisa. Je, nimechelewa?

Hujachelewa. Kwetu unapangiwa shahada ndipo unaingia chuo. Huko unaweza kukaa mwaka mmoja au zaidi bila fani. Chukua hisabati ya kiwango chako, kwa sababu ndiyo inayofunga milango mingi ukiikosa, semina ya onazi, na kozi mbili za utangulizi kutoka idara zilizo mbalimbali.

Ninunue vitabu kabla ya kusafiri?

Subiri silabasi. Toleo la zamani mara nyingi linatosha, na maktaba huweka nakala za kuazima kwa saa mbilimbili. Kitu ambacho hakiazimwi ni msimbo wa kazi za nyumbani mtandaoni, unaotumika sana kwenye hisabati na kemia. Huo ni wa mtu mmoja na ukishatumika umekwisha, kwa hiyo ukiuziwa "used", umeuziwa karatasi. Mifumo mingi hutoa wiki mbili za majaribio bila malipo. Zitumie hadi dirisha la kubadili kozi lifungwe, kisha ulipe.